Upande wa Pili wa Ghala

Mkinikuta Chwele siku ya soko nimevuta kofia mpaka kwenye nyusi, napita nyuma ya vibanda vya nyanya kama mtu anayetafutwa, tafadhali msiniite kwa sauti, kwa sababu pale kuna akina mama ambao wakiniona tu wanagongana viwiko, "Si huyu ndiye alitoka kwa ghala?" na wanacheka mpaka wanaweka vikapu chini, na kweli, ni mimi, nilitoka kwa ghala. Wacheke tu. Sehemu ya kuchekesha ndiyo wanayoijua. Ile nyingine nimeificha kwa muda mrefu, na leo nitaisema, hata kama aibu yenyewe bado inanichoma.

Mimi ni mwalimu wa hesabu. Nafundisha Kitale, na wakati huo nilikuwa nasomea shahada ya pili Bungoma, wikendi na likizo, nikilala kwa chumba kidogo pale Kanduyi ambacho kilikuwa na kitanda, meza na karatasi nyingi kuliko nguo. Tasnifu yangu ilikuwa juu ya ulinganifu katika milinganyo tofautishi. Msiogope, ni rahisi nikiielezea (shida ni kwamba niliielezea mara nyingi mno, kwa kila mtu, hata kwa kinyozi). Mlinganyo tofautishi ni ile hesabu ambayo haikuambii kitu ni ngapi, inakuambia tu kinabadilika vipi, halafu wewe uhangaike upate ni ngapi. Na ulinganifu ni hivi: ukikigeuza kitu, au ukikizungusha, au ukikikuza, kikabaki vile vile, basi kina ulinganifu, na ukishaugundua unaweza kutupa nusu ya kazi, wakati mwingine karibu yote, kwa sababu huna haja ya kuhesabu huku na kule kama huku ni sawa na kule.

Nilipenda sana hiyo hesabu. Kuna raha fulani ya kuchukua kitu kirefu, kurasa tatu, na kukikunja mpaka kikawa mstari mmoja. Nilitembea nayo kichwani kila mahali, na mahali pabaya zaidi nilipotembea nayo ni kwa mama mkwe wangu.

Mke wangu Nanjala anatoka karibu na Chwele. Baba yake alifariki, na kabla udongo haujakauka vizuri, kaka wa marehemu, Mzee Simiyu, aliita kikao na kusema kwamba mwanamke peke yake hawezi kusimamia shamba lote, kwa hivyo lile la chini, la karibu na mto, ambalo ndilo lenye udongo mzuri, lirudi mikononi mwake. Alisema kwa upole, akikunja kofia mapajani. Mama akajibu kwa upole vile vile: "Shemeji, nipe msimu mmoja. Siku ya kumbukumbu ya mume wangu, mtakula ugali wa ghala langu, nyote na wageni wenu. Kikipungua chochote, tutazungumza." Wazee wakaangaliana, wakakubali.

Basi mama akalima. Alilima mpaka watu wa kanisa wakaanza kumhurumia, na Oktoba ghala lilijaa mpaka mlangoni. Ghala lenyewe alilijenga marehemu: la mviringo, msingi wa matofali, juu mabati yamezungushwa kwenye nguzo, upana wa mita tatu hivi, mlango mmoja upande wa ua. Nyuma yake, karibu kugusana, kuna jiko la mama.

Mimi nikaliona hilo ghala la duara na moyo ukaruka. Duara, jamani! Ukilizungusha, nani atajua limezungushwa? Nikasema hii ndiyo tasnifu yangu. Nitaonyesha vile joto linavyotoka kwa mahindi, nitamsaidia mama, nitaonekana mkwe wa maana, na nitamaliza shule, yote kwa ghala moja.

Nilifanya kazi kweli, msidhani nilikuwa mvivu. Nyumbani Kitale nilianika mahindi yakapata moto wa jua, nikayamimina kwa ndoo, nikachomeka kipimajoto cha waya mrefu katikati, nikakaa hapo nikiandika. Ndoo ilipoa kwa saa kumi. Sasa uzuri wa mlinganyo wa joto ni kwamba una ulinganifu wa kukuza: ukiongeza upana mara kumi, muda unaongezeka mara kumi kwa kumi, yaani mara mia. Ghala lilikuwa na upana wa mara kumi ya ndoo. Saa kumi mara mia ni saa elfu moja, ambazo ni kama wiki sita. Nikarudia hesabu mara tatu. Joto la jua ambalo mahindi yaliingia nalo litaisha baada ya wiki sita, na wiki sita ziliangukia karibu kabisa na siku ya kumbukumbu. Nilicheka peke yangu pale jikoni kwangu, Nanjala akaniuliza kama niko sawa.

Halafu nikaenda Chwele kupima ghala lenyewe, na hapo ndipo uamuzi mdogo ulipoingia. Mdogo kabisa.

Mnajua kwetu mkwe na mama mkwe hawakaribiani. Hatusalimiani kwa mkono, hatukai chumba kimoja, akija njia hii mimi natafuta njia ile, na habari zake kwangu na zangu kwake hupitia kwa Nanjala. Ni heshima, na sina ugomvi nayo. Lakini maana yake ni kwamba mimi siwezi kuzunguka nyuma ya ghala, kwa sababu nyuma ya ghala ni mlango wa jiko la mama, na huko ndiko anakoshinda. Kwa hivyo nilichomeka kipimajoto upande wa mlango, upande wa ua, nikasoma, nikaandika. Nanjala alikuwa amesimama hapo amebeba mtoto.

"Nipe hiyo kitu nikaweke upande wa mama," akasema. "Mimi si naweza kufika."

Sikilizeni vizuri, kwa sababu watu wengi nikiwasimulia wanalaumu mila. Mila haikunizuia kitu. Mke wangu alinyoosha mkono. Mimi ndiye nilisema, "Hakuna haja, Mama Faith. Ni duara. Joto la huku ndilo joto la kule, kwa ulinganifu." Na ili kuonyesha najua, nikachora duara hewani kwa kalamu. Nanjala akatazama hilo duara la hewa, akatazama ghala, akaingia nyumbani.

Kila wikendi nilipita hapo nikisoma kipimajoto changu upande wa mlango, na namba zilishuka vizuri, zikifuata mstari wangu kana kwamba zimetumwa. Wiki ya tatu nikiwa Kanduyi, Nanjala akanitumia ujumbe. Bado ninao kwenye simu, sijaufuta, sijui kwa nini. Uliandikwa hivi: "Mama anasema ukuta wa upande wake una joto na ameanza kusikia harufu. Anauliza kama atoe mahindi aanike tena."

Mkinipa siku moja ya maisha yangu nirudie, nitachagua hiyo. Nilikuwa nimelala chali kitandani na karatasi kifuani. Nikajibu: "Mwambie mama asiwe na wasiwasi. Hilo joto liko kwenye hesabu, ni lile la jua, litaisha baada ya wiki sita. Asifungue, ataharibu vipimo." Ati ataharibu vipimo! Mwanamke aliyelima, akavuna, akabeba kwa mgongo, mimi namwambia asiguse mahindi yake kwa sababu ya vipimo vyangu. Na yeye, kwa sababu mimi ni mwalimu, na kwa sababu mkwe akisema jambo si adabu kubishana naye, hakufungua.

Kumbe kulikuwa na kitu ambacho sikukijua kwa sababu sikufika huko. Paa la jiko lilikuwa limetoboka tangu marehemu alipougua, mvua ikiingia inazima moto, kwa hivyo mama alikuwa amehamisha mafiga kutoka katikati ya jiko akayaweka kwenye ukuta wa mwisho, mkavu, ule unaopakana na ghala. Asubuhi mpaka jioni moto unawaka hapo, maharagwe yanatoa mvuke hapo, na mabati ya ghala yako hapo hapo.

Sasa njooni kwa siku yenyewe. Kumbukumbu ilikuwa Jumapili, na Jumamosi asubuhi ndiyo tulipanga kufungua ghala ili mahindi yapelekwe kusagwa. Mtu mwenye akili angefungua kimya kimya. Mimi nilikuwa nimemwalika msimamizi wangu, Daktari Chebet, mama mmoja wa Mlima Elgon asiyecheka ovyo, aje aone nadharia ikifanya kazi. Nikaambia pia watu wa kanisa. Mzee Simiyu akaja na wazee wake wanne, wakapewa viti mbele. Na mimi (naona haya hata kusema) nilivaa koti na tai, nikashika chaki, nikaandika mlinganyo wangu kwenye mabati ya ghala, mstari mmoja mzuri, nikawageukia.

"Wazee wangu, joto lina tabia zake. Linategemea uko wapi na ni saa ngapi. Hiyo ni hesabu ngumu. Lakini ghala hili ni duara, ukilizungusha linabaki lile lile, kwa hivyo hatuhitaji kujua uko upande gani, tunahitaji tu kujua uko mbali kiasi gani na katikati. Nimepima hapa mlangoni, basi nimepima pande zote."

Watu wakasema "Aaah." Vijana wa kanisa wakapiga makofi kidogo. Mzee Simiyu akauliza, "Na huko nyuma umefika, mkwe wetu?"

"Mzee," nikasema, nikitabasamu, "huo ndio uzuri wake. Si lazima nifike."

Wakacheka kwa kunipenda. Nami nikacheka.

Daktari Chebet hakucheka. Yeye alikuwa mgeni na ni mwanamke, hakuna kilichomzuia, akasema anaenda kumsalimia mama jikoni. Alikaa huko dakika chache. Aliporudi alikuwa anafuta kiganja kwenye sketi yake, akanivuta pembeni.

"Mwalimu, hebu njoo ushike ule ukuta wa nyuma."

"Siwezi kufika huko, Daktari. Mama mkwe yuko."

"Nani alikupimia huko?"

"Kwa ulinganifu haikuwa lazima..."

"Mlinganyo wako una ulinganifu, sikatai," akasema polepole, vile anavyosema akikurudishia kazi. "Lakini moto uko upande mmoja. Ukizungusha ghala, je, moto unazunguka nalo? Usifungue mbele ya watu. Waambie tuangalie kwanza."

Nilikuwa bado na nafasi. Mnaona vile nilipewa nafasi nyingi? Lakini wazee walikuwa wananitazama, na koti nililokuwa nalo lilikuwa jipya, na nikajiambia labda ukuta una joto kidogo tu. Nikapiga makofi, nikasema, "Vijana, tufungue!"

Gunia la kwanza likajaa mahindi mazuri, meupe, makavu. La pili. La tatu. Mama mmoja wa kanisa akapiga kigelegele. Nikamtazama Daktari Chebet kwa jicho la ushindi, na ninatamani ningeweza kulirudisha hilo jicho. Walipofika gunia la kumi hivi, mahindi yakakataa kushuka. Mbele palikuwa pamebaki shimo, na kule nyuma yamesimama wima kama ukuta, yameshikana, na harufu ikaanza kutoka, ile ya chakula kilichosahauliwa kwa sufuria wiki nzima.

Vijana wakarudi nyuma wakishika pua. "Mwalimu, hapa kuna kitu."

"Ni mgandamizo tu," nikasema (mgandamizo wa nini, mimi mwenyewe sijui). "Nipeni jembe."

Nikavua koti, nikaingia ghalani na tai yangu, nikapanda juu ya mahindi, nikaugonga ule ukuta. Mara ya kwanza, hakuna. Mara ya pili mvuke ukanipiga usoni, moto kabisa. Mara ya tatu ukuta wote ukaniangukia, kijani na mweusi, mzito, wa moto, nikazama mpaka kifuani, nikapiga kelele ambayo nimeambiwa haikuwa ya mwanamume, nikajitupa mbele nipate pa kushika, na mabati ya upande ule, yaliyokuwa yameliwa na kutu kwa sababu ya mvuke wa miezi, yakang'oka kwenye misumari. Mzigo wote ukamwagika nje, na mimi nikiwa katikati yake. Hivyo ndivyo hatimaye nilivyofika upande wa pili.

Nilitua kwenye mlango wa jiko. Kiatu kimoja kilibaki ndani, tai imezunguka mpaka mgongoni, ukungu mpaka kwenye masikio, na nilipofungua macho, kitu cha kwanza kuona ni miguu ya mama mkwe wangu, pekupeku, na kuni alizokuwa amebeba zikianguka moja moja karibu na kichwa changu.

Mama akajifunika uso kwa leso na kunigeuzia mgongo, haraka, kunihifadhi. Mimi nikafunga macho tena, nikajaribu kuondoka kwa kutambaa bila kuona, nikagonga sufuria ya maharagwe kwa kichwa ikalia kama kengele. Hapo ndipo vicheko vilianza, na vijana walikuwa wamekwisha kuzunguka na simu zao. Hiyo ndiyo sehemu inayojulikana pale sokoni.

Lakini vicheko havikudumu, kwa sababu watu walianza kuangalia yale mahindi. Yalikuwa mengi mno. Kutoka ukuta ule mpaka katikati yote yalikuwa yameoza, mengine yameota, na yale mazuri ya mlangoni sasa yalikuwa yamefunikwa na mabovu, hakuna mtu angethubutu kuwapa wageni. Akina mama wa kanisa wakainama kuyaangalia. Mmoja akasema, "Uuuwi, mwaka mzima huu."

Mzee Simiyu alizunguka polepole na fimbo yake, akachokoa mahindi, akainua uso.

"Tulizungumza," akasema. "Si tulizungumza?"

Nilikuwa nimeketi chini bado, nikijipangusa macho. Nilikuwa na la kusema. Lilikuwa limejaa mdomoni: Mzee, mama alijua. Wiki tatu zilizopita alijua, alitaka kufungua aanike, mimi ndiye nilimkataza, ujumbe huu hapa kwenye simu. Ni maneno machache tu. Hata mtoto wa darasa la tatu angeyasema.

Mama akanitangulia. Bila kugeuka, leso usoni, akasema kwa sauti ya kusikika na wote: "Msimlaumu Mwalimu. Yeye alipima vizuri. Ni mimi nilihamisha mafiga na sikumwambia mtu. Kosa ni la mwenye jiko."

Alinifunika mbele ya wazee wake mwenyewe, kwa sababu mimi ni mkwe na aibu ya mkwe ni aibu ya binti yake. Nanjala akanitazama. Alikuwa amesimama kando ya ghala, mtoto mgongoni, akanitazama bila kupepesa, akingoja.

Na mimi nikanyamaza.

Nilisema ninajisikia vibaya, nikaomba maji ya kuosha uso. Hiyo ndiyo aibu yangu. Ya kuanguka naweza kuishi nayo, hata watoto wa shule Kitale walipoiona kwenye simu nikacheka nao. Lakini nilikaa pale nikamwacha mwanamke abebe kosa langu juu ya hasara niliyomtia, na nikaomba maji.

Kabla ya saa sita pikapu ya Mzee Simiyu ilikuwa imeleta magunia ya unga kutoka ghala lake. Alileta kwa roho safi, lazima niseme ukweli, hakuringa. Jumapili wageni wakala, wakashiba, wakamwombea marehemu, na kila tonge lilikuwa la Mzee Simiyu, na kila mtu alijua. Mama hakula. Nilimwona kwa mbali akipanga sahani. Kabla ya Krismasi shamba la chini lilikuwa limepita mikononi mwa shemeji yake, bila kelele, vile walivyokuwa wamekubaliana.

Tukarudi Kitale na Nanjala. Tulipofika akamlaza mtoto, akavua viatu, akasema neno moja: "Uliambiwa." Kisha akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Tasnifu niliiandika upya. Daktari Chebet alinikalisha ofisini kwake Bungoma akanionyesha vile moto ukiwekwa upande mmoja, ule ulinganifu wa kuzungusha unakufa, unabaki mmoja mdogo tu: ukipiga mstari kutoka kwa moto mpaka mlangoni, kushoto na kulia vinafanana kama kwenye kioo. Basi. Hapo ndipo ungeweza kutupa nusu ya kazi kwa haki, si zaidi. Hesabu mpya ilikuwa ndefu na mbaya, na ilionyesha kila kitu: joto la ukutani, mahali unyevu ulipokusanyika, hata wiki ambayo harufu ingeanza. Wiki ya tatu. Nilipoiona hiyo tatu kwenye karatasi niliweka kalamu chini nikatoka nje kidogo.

Siku ya kuitetea, mmoja wa walimu waliokuwa wanahoji aliuliza, "Hii wiki ya tatu umeithibitisha vipi?" Nikasema, "Mwenye ghala aliniambia, nikapuuza." Wakadhani natania. Wakanipa shahada, wakanipongeza, tukapiga picha.

Februari nilipata ujasiri nikaenda kwa Mzee Simiyu. Nilimkuta anatengeneza nira. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama: ujumbe, jibu langu, vile mama alivyonifunika. Nikamwomba amrudishie shamba kwa sababu kosa halikuwa lake. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka nira chini.

"Ungesema siku ile," akasema. "Wazee walikuwa pale, wote walisikia aliyosema yeye. Wewe ulikuwa pale na mdomo wako. Sasa ng'ombe wameshalima, mwanangu."

Nikarudi nyumbani. Nikamwomba Nanjala ampigie mama simu, nikiwa nimekaa kando, amwambie kwamba nimekosa, na kwamba nimekwenda kusema ukweli hata kama nimechelewa. Nanjala akasema kwa Kibukusu, kirefu, akasikiliza, akasema "eee" mara kadhaa. Alipokata nikamuuliza mama amesema nini.

"Amesema amesikia."

"Ni hayo tu?"

"Amesema mafiga ameyarudisha pale yalipokuwa zamani. Na paa bado linavuja."

Lile paa lilikuwa limetoboka zaidi ya mwaka mzima. Mimi nilipita pale kila wikendi na kipimajoto, wiki sita, nikiwa mita tatu kutoka kwa shimo ambalo lingezibwa kwa asubuhi moja, na sikulijua, kwa sababu lilikuwa upande ambao nilikuwa nimeshaujua kwa hesabu.

Kupanda paa la mama mkwe mimi siwezi, hilo hata mafuriko hayatalibadilisha. Lakini fundi anaweza. Nikanunua mabati Kitale, nikampata fundi mmoja wa Kachibora ambaye namwamini, nikampakia kwa pikapu na misumari yake asubuhi na mapema. Saa nne simu ikalia, nikiwa mbele ya darasa, nikatoka kwenye varanda.

"Mwalimu, nimefika," akasema. "Niko juu ya paa sasa. Naona kutu huku na huku, na nimebeba shiti za mabati za upande mmoja tu. Nianze wapi? Mimi naona pande zote ni sawa."

Nilikuwa na jibu tayari, si mnanijua, lilikuwa limefika kwenye ulimi. Nikalimeza.

"Shuka," nikamwambia. "Kwanza umuulize mama."